Bunilizi ya Kisayansi Katika Darasa la Fasihi: Historia ya Namna Moja ya Kusoma

Mnamo mwaka wa 1953, Sam Moskowitz alianza kufundisha bunilizi ya kisayansi katika City College of New York. Darasa lenyewe lilikuwa la jioni, halikuhesabiwa katika shahada yoyote, na mwalimu wake hakuwa mhadhiri wa fasihi bali shabiki mkongwe wa majarida ya utanzu huo. Robo karne baadaye kozi za aina hiyo katika vyuo vya Marekani zilihesabika kwa mamia, na utanzu ulikwisha kupata majarida yake ya kitaaluma, chama chake cha watafiti na nadharia yake. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo, ingawa si kwa kuhesabu kozi. Yanachunguza ni kitu gani mwanafunzi alifunzwa darasani ambacho hakuwa nacho alipozisoma hadithi hizo peke yake, na kitu hicho kiligharimu nini. Suala hili lina uzito kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Anapokutana na chombo cha angani katika riwaya ya Katama Mkangi, zana anazozipata karibu naye ni zile zilizofuliwa katika darasa hilo, na si zote zinazomfaa.

Utanzu wenyewe uliingia katika karne ya 20 ukiwa na sifa mbaya. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Amazing Stories mwezi wa Aprili 1926 akiamini kwamba hadithi yaweza kumfunza msomaji sayansi huku ikimburudisha. Jarida hilo na mengine yaliyolifuata yalichapwa kwa karatasi duni, yakapambwa kwa majalada ya rangi kali, na yakauzwa katika vibanda vya magazeti pamoja na hadithi za upelelezi na za wachunga ng'ombe. Msomi aliyejali jina lake hakuonekana nayo. J. O. Bailey alikamilisha tasnifu yake ya udaktari juu ya utanzu huu katika Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka wa 1934, na ilimbidi asubiri hadi 1947 ndipo utafiti huo utoke kama kitabu, Pilgrims Through Space and Time. Mwaka uliofuata Marjorie Nicolson alitoa Voyages to the Moon, na kazi yake ikapokewa kwa heshima, kwani ilihusu hasa maandishi ya karne ya 17 na ya 18. Yaelekea safari ya kwenda mwezini ilisameheka katika idara za fasihi iwapo msafiri alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja.

Ipo pia namna nyingine ya kuunyima utanzu haki yake. Swift, Mary Shelley, H. G. Wells, Huxley na Orwell walikuwa wakisomwa vyuoni muda mrefu kabla ya Moskowitz kushika chaki, lakini kila mmoja alipewa jina jingine: huyu mwandishi wa tashtiti, yule wa kimapenzi, mwingine wa siasa. Mwandishi alipofaulu alihamishwa utanzu, na utanzu ukabaki na walioshindwa. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kusema kwamba utanzu mzima ni wa walioshindwa. Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili wameuona mchezo huu katika mjadala wa riwaya pendwa, ambapo Muhammed Said Abdulla husifiwa kwa lugha yake kana kwamba upelelezi wa Bwana Msa ulikuwa bahati mbaya tu iliyoipata lugha hiyo.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 4 Oktoba 1957 Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik, na jambo lililokuwa la majarida ya vibandani likawa habari ya kurasa za mbele. Mwaka wa 1958 chama cha wataalamu wa lugha na fasihi cha Marekani, Modern Language Association, kilikuwa na semina juu ya bunilizi ya kisayansi katika mkutano wake wa mwaka, na kutokana na semina hiyo Thomas Clareson wa College of Wooster, Ohio, akaanzisha Extrapolation mnamo Desemba 1959. Katika mwaka huo huo wa 1959 Kingsley Amis, ambaye tayari alikuwa mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alitoa mihadhara Princeton iliyotoka mwaka wa 1960 kama New Maps of Hell.

Kitabu cha Amis kilifungua mlango, na hakuna sababu ya kukibeza. Hata hivyo kiliingiza darasani mazoea ambayo hayajaondoka. Alichokithamini Amis ni tashtiti ya kijamii. Alimsifu Frederik Pohl na mwenziwe C. M. Kornbluth kwa The Space Merchants ya 1953, ambamo makampuni ya matangazo ya biashara yanautawala ulimwengu, na akaiweka mbele ya hadithi nyingi zenye roketi bora zaidi. Kwa mtazamo huu, hadithi ni ganda na ujumbe ni kokwa. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo angeweza kuuliza hadithi inapinga nini, akajibu vyema na kupata alama zake, bila ya kuisoma hata sentensi moja kwa makini. Uhakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980, uliozoea kuanza na maudhui na kuiachia fani aya mbili za mwisho, hauna haki ya kumcheka Amis.

Walimu wa kwanza wa kozi kamili walijitokeza miaka michache baadaye. H. Bruce Franklin alifundisha Stanford mwaka wa 1961, na Mark Hillegas alifundisha Colgate mwaka wa 1962. Franklin alitumia silaha ya mkusanyiko. Katika Future Perfect ya 1966 aliweka pamoja hadithi za Wamarekani wa karne ya 19, wakiwemo Hawthorne, Poe na Melville, na kuonyesha kwamba waandishi ambao idara iliwaheshimu kuliko wote walikuwa wameandika kitu kile kile ambacho idara ilikidharau. (Franklin mwenyewe alifukuzwa Stanford mwaka wa 1972 kwa harakati zake dhidi ya vita vya Vietnam, darasa la wakati ujao halikuwa mbali na siasa za wakati uliopo.) Naye Jack Williamson, aliyechapisha hadithi yake ya kwanza katika Amazing Stories mwaka wa 1928 akiwa kijana wa miaka 20, aliandika tasnifu juu ya Wells, akapata udaktari mwaka wa 1964, na akafundisha utanzu wake mwenyewe katika Eastern New Mexico University, kwenye mji mdogo wa Portales. Alikusanya silabasi za wenzake kutoka vyuo mbalimbali na kuzisambaza, na mwaka wa 1980 akahariri kitabu kizima juu ya ufundishaji huo.

Sababu za ongezeko la kozi katika miaka hiyo zilikuwa za kidunia kabisa. Wanafunzi walidai uhuru wa kuchagua masomo, idara zikahitaji kozi za hiari zitakazojaza viti, na vitabu vya jalada jepesi vikawa vya bei nafuu na vya kupatikana. Mwaka wa 1970 ulitoka mkusanyiko wa Robert Silverberg wa hadithi zilizopigiwa kura na waandishi wenyewe, na mwalimu asiyekuwa na maktaba ya majarida akapata kitabu cha kiada. Baadhi ya mashabiki hawakufurahi. Walihofia kwamba maprofesa wangeikausha furaha yao, na wapo waliosema waziwazi kwamba heri utanzu urudishwe mtaroni ulikotoka. Malalamiko haya yalikuwa na wivu ndani yake, lakini yalikuwa na ukweli pia: shabiki alikuwa na ujuzi ambao profesa hakuwa nao, na hakuna aliyekuwa ameueleza ujuzi huo kwa lugha ya kitaaluma.

Aliyeueleza ni Samuel Delany, mwandishi Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka wa 1942. Katika mkutano wa Modern Language Association wa Desemba 1968 alisoma insha iliyochapishwa na Extrapolation mwaka uliofuata, na ambayo baadaye iliingia katika kitabu chake The Jewel-Hinged Jaw cha 1977. Alichukua sentensi fupi mno inayotaja jua jekundu na jua la bluu, akaonyesha jinsi picha iliyomo akilini mwa msomaji inavyosahihishwa neno baada ya neno, hadi mwisho wa sentensi msomaji yumo katika ulimwengu wenye jua mbili na vivuli viwili bila ya mtu kumweleza. Kwake, maudhui hayakai ndani ya fani kama kokwa ndani ya ganda; yanazaliwa na masahihisho hayo. Mfano mwingine maarufu unatoka katika Beyond This Horizon ya Robert Heinlein, iliyotoka jaridani mwaka wa 1942. Humo mlango hausukumwi wala hauvutwi. Unapanuka kama mboni ya jicho, na mwandishi anaendelea na safari yake bila ya kusimama kuueleza. Anayejua kusoma utanzu huu anapata habari nyingi kutokana na kitenzi hicho kimoja: ufundi uliopo, utajiri unaoruhusu ufundi huo kutumika kwa jambo dogo kama mlango, na watu waliozoea kiasi cha kutoushangaa. Asiyejua anaona mlango wa ajabu, basi.

Hapa ndipo darasa lilipopata kazi yake halisi. Delany alidai kwamba msomaji hodari wa riwaya ya kihalisia aweza kuwa mbumbumbu mbele ya bunilizi ya kisayansi, kwa kuwa hajazoea kuujenga ulimwengu kutokana na vipande. Dai hilo liligeuza uhusiano wa ukumbini: mwanafunzi aliyekulia kwenye majarida ya vibandani alijua kusoma, na mhadhiri wake ndiye aliyehitaji somo.

Delany aliongeza hoja ya kisarufi ambayo, kwa kushangaza, inafaa zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha aliyoiandikia. Aliyatofautisha maandishi kwa hali ya tukio lake. Habari ya gazeti hueleza jambo lililotokea; riwaya ya kihalisia, jambo ambalo lingeweza kutokea; fantasia, ambalo lisingeweza kutokea; na bunilizi ya kisayansi, jambo ambalo halijatokea. Kwa Kiingereza kauli hiyo ya mwisho ni ukanushi mtupu. Kwa Kiswahili kiambishi -ja- kinabeba matarajio: asemaye kwamba mgeni hajafika ameshamwekea kiti. Sarufi yetu, basi, inautia nguvu upande mmoja wa hoja, yaani mvutano wa kile kinachongojewa au kuogopwa. Lakini inaubana upande mwingine. Delany alikusudia kuingiza pia matukio ambayo hayatatokea kamwe, na hata yaliyopita ambayo historia ilikataa kuyapitia, na kwa hayo Kiswahili kinadai -ngali-. Mhadhiri anayeifundisha insha hii kwa Kiswahili ana vipindi viwili vya mjadala hapo kabla hajafika kwenye hadithi yoyote.

Shutuma ya zamani kuliko zote dhidi ya utanzu huu ni kwamba wahusika wake ni bapa. C. S. Lewis alikuwa ameijibu nusu yake katika mazungumzo yake na wanafunzi wa Cambridge mwaka wa 1955: kadiri mandhari yanavyokuwa ya ajabu, ndivyo mhusika anavyopaswa kuwa mtu wa kawaida, maana Gulliver mwenye vituko angeiharibu nchi ya vibete. Joanna Russ, mwandishi na mhadhiri, alikwenda mbali zaidi mwaka wa 1975. Alieleza kwamba bunilizi ya kisayansi ni fasihi ya kufunza, na kwamba mhusika wake mkuu ni wa pamoja, jamii au aina nzima ya viumbe. Kuipima kwa vigezo vya riwaya ya nafsi ya mtu mmoja ni kuupima utenzi kwa kigezo cha shajara. Mfano huo wa utenzi si wake. Yeye alitaja sanaa ya kidini ya Ulaya ya zama za kati. Hata hivyo mtu aliyelelewa na tenzi hahitaji kuhangaika ili amwelewe, kwani ameshakutana na fasihi inayofunza bila ya kuona haya, na yenye mashujaa wanaosimamia umma.

Darko Suvin ndiye aliyelipa darasa nadharia. Alizaliwa Zagreb mwaka wa 1930, akafundisha huko, kisha akaingia McGill, Montreal, mwaka wa 1968. Insha yake ya 1972 na kitabu chake Metamorphoses of Science Fiction cha 1979 vilitoa fasili ambayo bado hainukuliwi bila ya kupingwa wala haipingwi bila ya kunukuliwa. Kwa maoni yake, utanzu huu ni fasihi ya ugenishaji wa kiutambuzi. Ugenishaji aliupata kwa Viktor Shklovsky, aliyeandika mwaka wa 1917 kwamba sanaa hukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, na kwa Brecht, aliyeutumia ugeni huo jukwaani ili mtazamaji afikiri badala ya kuzama. Utambuzi ulikuwa nyongeza ya Suvin: kitu kipya kinachoitenga hadithi na ulimwengu wetu lazima kiweze kufikirika kwa mantiki ya kisayansi. Mwaka wa 1973 yeye na R. D. Mullen walianzisha Science-Fiction Studies katika Indiana State University, na mhadhiri aliyekuwa akiona aibu kumtaja Gernsback sasa aliweza kuwataja Lucian, Thomas More na Wells kwa pumzi moja.

Faida ilikuwa kubwa na gharama ilikuwa kubwa vilevile. Fasili hiyo iliiacha nje fantasia, ikazitenga ngano na visasili, na kwa kweli ikazitupa hadithi nyingi mno za majarida yale yaliyoupa utanzu jina. Darasa lilipata heshima kwa kuwafukuza jamaa. Mwenye kuona kwamba hilo ni jambo dogo na ajiulize: ni nani anayeamua mantiki ipi ni ya kisayansi, na tangu lini?

Mwaka ule wa 1968, miezi miwili kabla ya Delany kusoma insha yake, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya matukio hayo mawili, na si busara kuubuni. Lakini swali lilikuwa la ukoo mmoja, yaani kipi kistahili kusomwa darasani na kwa kigezo cha nani, na jibu la Nairobi lilikuwa pana zaidi. Fasihi simulizi ilipewa nafasi ya katikati, na mazimwi, wanyama wasemao na wafu warudio wakaingia ukumbini kama raia. Kwa sababu hiyo fasili ya Suvin, inapofika Afrika Mashariki, inafika mahali ambapo wale iliowafukuza wameshakaribishwa.

Chukua Walenisi, riwaya ya Mkangi ya mwaka wa 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anapaa katika chombo cha angani na kufika nchi ambako watu wanaishi kwa usawa, nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasema wale ni sisi. Chombo ni cha kisayansi, lakini safari ni ya ngano, ile ya shujaa anayetupwa ili afe na kufika alikokuwa hakukusudiwa. Mhakiki anayemfuata Suvin kwa uaminifu atalazimika kuukata mwili huu vipande viwili na kutangaza kimoja kuwa halali. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, inaongeza ugumu, kwani anayemgenishia K nchi yake ni mzuka wa babu yake. Kazi yote ambayo Suvin aliitarajia kutoka kwa kitu kipya cha kisayansi inafanywa na mfu, tena inafanywa vizuri. Riwaya hiyo haihitaji kuitwa bunilizi ya kisayansi, lakini nadharia inayojua kuisoma roketi na isiyojua kumsoma babu ina kasoro.

Kasoro hiyo imekwisha kuonekana hata ilikozaliwa. Suvin mwenyewe aliirudia fantasia katika insha ndefu ya mwaka wa 2000 na kulegeza ukali wake wa awali, na mwaka wa 2009 China Miéville alihoji kama huo uitwao utambuzi si sauti ya mamlaka tu ambayo msomaji amekubali kuisadiki. Alichokifunza Delany kimedumu vizuri zaidi, labda kwa kuwa hakikuwa fasili bali zoezi: soma neno, sahihisha ulimwengu, endelea.

Zoezi hilo lajaribika katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya 1982 ya riwaya ya Ngũgĩ iliyotoka kwa Kikuyu mwaka wa 1980. Katika mashindano ya wezi, Nditika wa Nguunji anapendekeza kiwanda cha viungo vya mwili ili tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili na mioyo miwili, na hivyo aishi mara mbili ya maskini. Wahakiki wamezoea kulipita pendekezo hilo kama tashtiti. Lakini msomaji aliyefunzwa na Delany huendelea kuuliza ulimwengu wenye kiwanda hicho ungekuwaje, na riwaya yenyewe inauliza pamoja naye, kwa kinywa cha mke wa Nditika. Mama huyo anaipokea habari kwa furaha na kuanza kuhesabu ni viungo vipi ambavyo wanawake matajiri nao watakuwa navyo viwili viwili. Hapo ndipo mumewe anapopandwa na hasira, na yeye aliyekuwa tayari kuuza mioyo dukani anakumbuka ghafla mila za Kiafrika.